Viazi Tulivyovifukia Shambani kwa Baba

Nilipoondoka nyumbani nilipita Nyololo nikiwa nimelala juu ya magunia ya mahindi, kwenye lori lililokuwa likienda Tunduma. Niliporudi nilipita hapo hapo nikiendesha pikapu yangu mwenyewe, na wauza viazi wa barabarani wakanikimbilia na ndoo zao wakiniita bosi. Kati ya safari hizo mbili hakuna mjomba aliyenitumia nauli wala mfadhili aliyenishika mkono. Nilipulizia dawa mashamba ya matunda ya watu huko Afrika Kusini mpaka mabega yangu yakaota sugu za mikanda ya bomba. Nikarudi, nikajilipia ada ya chuo Mbeya, nikakaa darasa moja na vijana walioniita mzee, na siku ya matokeo ya diploma ya afya ya mimea mzee huyo ndiye aliyewaongoza wote. Leo nina nyumba Kihesa, Iringa mjini. Nimeijenga mimi, na mtu asiyeamini aje aone.

Kazi yangu wengi hawaielewi, kwa hiyo nitaieleza. Dawa ya shambani haiingii dukani kwa sababu tu imetengenezwa. Anayetaka kuisajili lazima aipelekee mamlaka takwimu zinazoonyesha kwamba inaua ugonjwa anaodai inaua, kwamba haiunguzi mmea, na kwamba siku ya kuvuna kiasi cha dawa kilichobaki ndani ya zao hakitamdhuru mlaji. Takwimu za kule dawa ilikotengenezwa hazitoshi peke yake. Mvua ya Mufindi ina tabia zake na udongo wetu una tabia zake, hivyo majaribio hurudiwa hapa, msimu baada ya msimu, kwenye shamba lile lile ikiwezekana. Mtu wa kuyasimamia bila kuchakachua hapatikani kirahisi. Mimi napatikana. Kuanzia Iringa mpaka Mbalizi, wasambazaji wa dawa wanajua kwamba takwimu zangu hazirudishwi.

Miaka michache iliyopita msambazaji mmoja wa Mbeya alinipa dawa mpya ya ukungu wa viazi niijaribu. Nilihitaji mahali penye baridi na unyevu, mahali ambapo ukungu unakuja wenyewe bila kualikwa. Nilipajua. Shamba la marehemu baba liko kwenye mteremko juu ya Nyololo, ambako kuna siku jua haliji kabisa. Analilima kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyebaki nilipoondoka, yeye ndiye aliyemuuguza baba na kumzika, wakati mimi nilitoa pole kwa simu. Ni mtu mtaratibu, mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri wa pale kijijini, na hana kawaida ya kupandisha sauti.

Nilimweleza sebuleni kwake, mke wake akisikia.

"Kaka, kuna mistari ambayo haitapigwa dawa kabisa, ili tuone tofauti. Itaugua, na wewe utaiangalia tu ikiugua. Ile itakayopigwa, viazi vyake haviliwi. Tukishatoa sampuli za maabara, vinavyobaki vinafukiwa."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata vikiwa vizuri?"

"Uzuri wa ndani hauonekani kwa macho. Mpaka maabara iseme, hatujui."

Akatabasamu. "Haya, mtaalamu. Tutaelewana huko mbele."

Kwetu maneno hayo ni makubwa. Mtu akikwambia mtaelewana mbele, amekubali kwa heshima yako, akiamini kwamba siku yenyewe ikifika undugu utalilainisha lile sharti. Mahari nyingi kijijini kwetu zimekubaliwa hivyo, na mipaka mingi ya mashamba. Lakini nilikuwa nimeishi muda mrefu na watu ambao wakisema sawa wanamaanisha sawa. Nikamlipa fidia ya mavuno kabla hata ya kupanda, tukapeana mikono, nikaliona jambo limekwisha.

Msimu ule ukungu ulikuja vibaya. Mvua ilinyesha nyembamba, ya kukaa, na mteremko mzima ukanuka majani yaliyooza. Mashamba ya majirani yalikuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Mistari yetu isiyopigwa dawa nayo ilikauka, na kila nilipokuja nilimkuta shemeji amesimama mbele yake ameshika kiuno, kama mtu anayemwangalia mgonjwa aliyekatazwa kumpa maji. Lakini ile mistari mingine ilikuwa kijani kibichi kiasi kwamba uliiona ukiwa bado chini barabarani. Sijawahi kusimamia jaribio zuri kama lile. Niliwapeleka watu kulitazama. Nilimpeleka afisa ugani, nikawapeleka wenzangu wawili niliosoma nao, nikampeleka hata mchungaji. Kwa nini nisiwapeleke? Kazi ilikuwa yangu.

Jumapili moja shemeji akanipigia simu, sauti imejaa furaha.

"Shemeji, leo ungekuwepo! Kaka yako amesimama kanisani kwenye matangazo. Amesema mwaka huu sadaka ya mavuno itatoka shamba la marehemu baba, magunia kwa magunia, maana bwana mdogo amerudi na elimu yake. Watu wamepiga makofi!"

Nikaomba nizungumze naye.

"Kaka, vile viazi haviliwi."

"Mimi sijasema vitaliwa. Nimesema vitatolewa."

"Vikitolewa vitapigwa mnada, na atakayenunua atakula."

"Njoo kwanza tuvune, bwana mdogo. Tutaelewana tu."

Siku ya kuvuna, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka usawa wa kichwa. Nilikuja na vibarua wawili kutoka Nyololo, masanduku ya barafu ya sampuli na dumu la dizeli. Nikakuta watu tayari wamefika, wamejifunika vitenge na makoti, kila mmoja na ndoo yake. Wakati wa kuvuna kwetu huwa hivyo. Jirani anakuja kusaidia kuchimba na anaondoka na cha kuchemsha jioni. Mwaka ule wengi wao hawakuwa na cha kuchemsha.

"Kamwene, mtaalamu!" bibi mmoja jirani aliniamkia, mjane ambaye shamba lake linapakana na letu. "Leo tutakula diploma!"

Wakacheka wote. Nami nilicheka, nikijua kinachokuja.

Viazi vilitoka vikubwa, safi, ngozi laini. Jembe likizama ulisikia vinavyogongana chini. Nilichagua sampuli kwa utaratibu wake, nikazifunga, nikaziweka kwenye barafu. Lundo lililobaki lilinifika kiunoni. Kisha nikawaambia vibarua waanze kuchimba shimo.

Hapo ndipo vicheko vilipokoma.

"Shimo la nini?" bibi aliuliza.

Nikawaeleza wote. Nilisema dawa hii bado haijasajiliwa, kwamba kiasi kilichobaki ndani ya viazi bado hakijapimwa, na kwamba sheria ya kazi yangu inataka viharibiwe. Nilieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi. Walinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nipe vya nguruwe," bibi akasema. "Nguruwe hana sheria."

"Bibi, nguruwe ataliwa na watu."

"Na huyo mtu atakuwa mimi. Nina miaka mingapi imebaki ya kuogopa dawa?"

Kaka akanishika mkono, akanivuta pembeni. Alikuwa amevaa lile koti la kanisani, kwa sababu kwake siku ile ilikuwa ya heshima.

"Usinifanyie hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Chukua vyote, fukia vyote, ila niachie magunia matatu. Nimesema mbele ya madhabahu. Unataka nisimame pale niseme nini?"

"Sema ukweli. Sema havijapimwa."

"Nani atasikia hilo? Watasikia kwamba mzee wa kanisa amemwahidi Mungu akabadilisha. Mimi sina gari, sina diploma. Nina neno langu tu hapa kijijini."

Nilimwambia kuhusu mwenzangu mmoja wa Malawi, tuliyelala naye chumba kimoja kule kwenye mashamba. Alichuma na kula matunda kwenye safu zilizopigwa dawa siku hiyo hiyo, kwa sababu yalikuwa mazuri na yeye alikuwa na njaa. Alitetemeka usiku kucha mate yakimtoka, na asubuhi msimamizi aliuliza tu nani atashika bomba lake. Nilimwambia kaka kwamba mimi niliapa nafsini mwangu nisije nikawa mtu wa kumpa mwingine chakula nisichokijua.

"Huyo alikula matunda ya wageni," kaka akasema. "Hivi ni vyetu."

Niliwaashiria vibarua waendelee.

Kaka akavua koti, akampa mke wake, akamnyang'anya kibarua mmoja jembe. "Shambani kwa baba hakifukiwi kitu na watu wa kukodi," alisema. Akachimba mwenyewe. Viazi vilipotumbukizwa na mimi nikamwaga dizeli juu yake ili asije mtu kuvifukua, yeye ndiye aliyerudisha udongo. Alipomaliza akausawazisha kwa mgongo wa jembe, taratibu, pande zote, kama anavyofanya makaburini. Watu walichukua ndoo zao wakaondoka bila kuaga. Sikusikia hata mmoja akinitukana. Afadhali wangenitukana.

Jumapili ya mavuno nilikwenda. Ningeweza kubaki Kihesa, ila mimi si mtu wa kujificha. Nilikaa benchi la nyuma. Watu walipita mbele na mahindi, kuku, ndizi, maharage. Zamu ya kaka ilipofika alitembea na ndoo ndogo, akaiweka chini na kurudi kukaa. Ndani yake kulikuwa na viazi vya ile mistari isiyopigwa dawa, vichache vilivyosalimika, vidogo, vyenye mabaka. Hivyo ndivyo sheria yangu ilivyokuwa imemwachia.

Baada ya ibada, mnada ulifanyika nje kwenye majani. Kijana mnadishaji aliinua ile ndoo, akachungulia.

"Ndugu zangu, hivi ni viazi au goroli?"

Walicheka. Mtu akasema kutoka nyuma, "Hiyo ndiyo elimu ya nje!" Wakacheka zaidi. Kaka alikuwa ameangalia viatu vyake. Nilinyoosha mkono, nikataja bei ambayo ingenyamazisha kila mtu, na kweli wakanyamaza. Kaka akainua kichwa.

"Usimuuzie huyo," alimwambia mnadishaji. "Kwao viazi vimejaa sokoni."

Ndoo ikachukuliwa na yule bibi jirani, kwa sarafu alizozifungua kwenye pindo la khanga. Alipita mbele yangu nayo. "Hivi nimeruhusiwa, eti mtaalamu?" akaniuliza. Nikamjibu ndiyo. Nilimjibu kwa heshima, na aliondoka.

Majibu ya maabara yalichukua muda mrefu. Yalifika kwa msambazaji Mbeya, naye akaniita ofisini kwake nikayasome mwenyewe. Mabaki ya dawa yalikuwa chini sana ya kiwango kinachoruhusiwa. Katika sampuli kadhaa, mashine haikuona kitu. Msambazaji alinipiga begani. "Kazi safi! Msimu wa pili shamba lile lile, tusivuruge takwimu."

Niliendesha kutoka Mbeya nikiwa na furaha na uzito kwa pamoja. Nilijua nilichokifanya kilikuwa sahihi. Ningekifanya tena kesho. Majibu kuwa mazuri hayamaanishi kwamba nilikosea kusubiri, na mtu wa kazi hii asiyelielewa hilo atafute kazi nyingine. Lakini tangu siku ya mavuno kaka alikuwa hajapokea simu yangu hata moja, na nilifikiri karatasi ile ingetupa pa kuanzia. Ningemwambia viazi vya baba vilikuwa visafi, akawaambie kanisani, wamsikie, na yeye anipe tena shamba.

Nilimkuta huko huko mteremkoni, yeye na mkewe, katika manyunyu. Hawakuwa wakilima viazi. Shamba zima lilikuwa limechimbwa vishimo vilivyonyooka kwa kamba, kutoka chini mpaka juu, hata pale tulipofukia, na vishimo vingi tayari vilikuwa na miche ya misonobari. Mufindi ukipanda misonobari hupandi kitu kingine. Unasubiri mbao, na huenda watakaozikata ni wanao.

"Kamwene, kaka."

Aliitikia bila kusimama.

Nikamweleza majibu. Nilimsomea sehemu muhimu kwenye picha ya karatasi ile niliyoipiga kwa simu, polepole. Alisikiliza huku akishindilia udongo kwa kisigino kuzunguka mche.

"Kwa hiyo havikuwa na sumu," alisema.

"Havikuwa nayo."

"Vilikuwa chakula."

"Hatukujua, kaka. Ndiyo maana ya kupima."

Shemeji alisimama akatutazama, halafu akainama tena. Nilimwambia kaka kwamba msambazaji anataka msimu wa pili, kwamba bila shamba hili nitaanza kuhesabu upya mahali pengine, Mbalizi labda, na yote niliyokusanya pale yatabaki msimu mmoja usio na wenzake. Sikuwa nimemwomba mtu kitu tangu nilipopanda lile lori, lakini pale nilimwomba.

Kaka alichukua mche mwingine kwenye boksi, akausogeza hadi kishimo kilichofuata, kilichokuwa karibu na kiatu changu.

"Angalia mguu," akasema. "Usinikanyagie miche."