Askari wa Meza ya Mlangoni

Kitabu kilifika Kilwa Kivinje na lori la mwisho kabla Rufiji haijafurika na kufunga njia ya Dar es Salaam. Dereva alikuwa amekimaliza, akampa mwenyeji wangu kama mtu anavyompa mwenzake kofia iliyombana. Jaladani palikuwa na mwanamke wa mguu wazi, kawapa watu mgongo, kageuza shingo. Mwenyeji wangu alikitazama, akatazama huku na huku, kisha akakivalisha karatasi ya sukari ili kiweze kukaa barazani bila fedheha.

Miaka hiyo Mwingereza alikuwa bado yupo, ila watu walikwisha anza kuzungumza habari za kuondoka kwake. Mimi nilikuwa kijana wa kutangatanga. Niliacha shule darasa la nne, wala sikufukuzwa. Niliona lori linakwenda Lindi, nikataka kujua Lindi kuna nini. Tangu hapo nilikata boriti za mikoko, nikakata mkonge, nikakusanya chumvi, na kila mahali nilipozoeleka nilianza kuwashwa miguu. Kivinje nilikuja kupita tu. Mvua zikanifungia pale, katika chumba cha uani cha huyo mwenyeji wangu, aliyekuwa na duka dogo la nazi na mafuta ya taa.

Wazee wa pale walisoma kuliko mimi, ila kwa herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu ziliwachosha macho. Basi msomaji nikawa mimi, kila siku baada ya sala ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Mwenyeji wangu aliweka sharti moja: kitabu kilale ndani ya kasha lake, na ufunguo ukae kiunoni mwake, asije mtu akatangulia wenzake. Nilimbembeleza sana kwa sharti hilo, hakulegea.

Hadithi ilikuwa ya mcheza dansi wa klabu moja ya Mombasa. Usiku mmoja, nyuma ya pazia la jukwaa, anaona mwenye klabu akiuawa. Uso wa muuaji haukuonekana, lakini muuaji anajua kwamba yule mwanamke alikuwepo. Basi kila mwanamume anayeingia klabuni kuomba dansi naye anaweza kuwa ndiye.

"Mwanamke wa namna hiyo hapa tungemfukuza," alisema fundi cherehani siku ya kwanza.

Siku ya pili alikuja na mkeka wake.

"Fundi, hukusema ni haramu?"

"Nimekuja kusikia kama wamekwisha mfukuza."

Aliyekipenda kitabu kuliko wote alikuwa mchuuzi wa ng'onda, samaki wa kukausha, kutoka Pande, mjane aliyefiwa na mke, mtu mpole mwenye kicheko kikubwa. "Muuaji ni mpiga tarumbeta," alisema tangu sura ya pili. "Mtazameni anavyocheka ovyo." Alikuwa na sababu nyingine ya kukaa pale barazani. Alikuwa amemposa dada wa mwenyeji wangu, na kitanda chao kipya, cha mninga, kilikuwa kimeegemezwa ukumbini kikingoja harusi.

Huyo dada alisikiliza kutoka ndani pamoja na wifi yake, mke wa mwenyeji wangu, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, huku wakitwanga. Mumewe alichukuliwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa kupigana na Wajapani huko Bama. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao, yeye hakurudi, wala haikuja habari kwamba amekufa. Dada alipokwenda bomani kuuliza, aliambiwa hajulikani alipo. Akarudi tena mwaka uliofuata, akaambiwa vilevile. Basi hakuwa mke, hakuwa mjane. Ujana wake ulipita akiwa katikati hapo. Mwishowe kadhi alikubali: miaka imekuwa mingi mno, mume ahesabiwe amekufa, mwanamke akae eda, akitoka aolewe. Eda ilikuwa ianze mwezi utakapoandama.

Kabla haujaandama tulifika sura ambamo askari mmoja aliyerudi kutoka Bama anaingia klabuni. Anakaa meza ya mlangoni, peke yake. Hachezi. Ni mtu wa Kilwa, mrefu, kidole cha shahada kimekatika nusu. Mistari michache tu, kisha hadithi ikamrudia mcheza dansi na viatu vyake.

Nyuma ya mlango mchi ulinyamaza.

"Rudia hapo," ilisema sauti ya dada.

"Wapi, dada?"

"Hapo penye kidole."

Nikarudia. Fundi akaguna kwamba tunacheleweshwa. Mwenyeji wangu aliinamisha kichwa, kwa kuwa alijua nilichokuwa sijui: kwamba shemeji yake, kabla ya vita, aliachia nusu ya kidole katika mashine ya mkonge.

Kesho yake asubuhi dada aliniita uani. Alikuwa akipepeta mchele, na ungo haukutulia.

"Huyo aliyeandika, alimwona?"

"Dada, hiyo ni hadithi. Mtu amekaa akaitunga."

"Katunga na kidole?"

"Wangapi mashamba ya mkonge wamekatika vidole? Mimi mwenyewe nimewajua wengi."

"Na Kilwa? Mbona hakuandika Tanga?"

Nimelifikiri swali hilo tangu siku ile. Labda mwandishi alipita Kilwa mara moja. Labda alipenda tu jina lilivyokaa kwenye mstari. Lakini katika nyumba ile maandishi yaliyopigwa chapa yalikuwa ya namna mbili, msahafu na amri za serikali, na yote mawili hayakutungwa na mtu aliyekaa kitako akiwaza. Niliposema "katunga," alisikia kwamba kuna mtu kasingiziwa, na hakuona mtu wa mbali amsingizie mumewe kidole kwa faida gani.

Akapeleka habari kwa kadhi kwamba eda haianzi. Mtu aliye hai hakaliwi eda.

Mchuuzi wa ng'onda alidhani ni utani. "Nimenyang'anywa mke na kitabu!" alisema barazani, na watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akakitazama kitanda kupitia mlangoni, kicheko kikamwishia.

Tangu hapo tulikuwa tunasoma vitabu viwili. Wanaume walimfuata mcheza dansi: nani kamwekea kisu kitandani, kwa nini mpiga tarumbeta hana kwao. Dada alimfuata askari. Sura ikipita bila yeye, mchi uliendelea. Akitokea, mchi ulinyamaza. Mahali pamoja mvua inanyesha, na askari anavua koti lake kumfunika mcheza dansi. "Alikuwa hivyo," ilisema sauti ya dada, imejaa furaha kiasi kwamba hata fundi hakuguna. "Hapendi mtu alowe." Wifi yake aliniambia baadaye, kwa kunong'ona, kwamba shemeji yake yule hakuwahi kumpa mtu hata kanga chakavu ya kujifunikia.

Nilimwona dada akibadilika. Alipaka hina. Aliniuliza nauli ya Mombasa, na kama njia ikifunguka nitakwenda upande huo, maana mimi si mtu wa kukaa. Nilisema nitakwenda. Nilitaka kweli kwenda. Nilikuwa sijaiona Mombasa.

Siku ya sura ya mwisho watu walijaa mpaka barabarani, wengine wametoka Kikole kwa miguu. Nilisoma vizuri siku hiyo. Mcheza dansi amejificha chini ya jukwaa, taa imezimwa, mlango unafunguliwa. Mkono unashika pazia. Hapo jicho langu lilitangulia mdomo. Nilikiona kidole kabla sijakitamka, nikanyamaza.

"Soma!" alisema fundi. "Umemeza ulimi?"

"Soma, bwana, adhana hiyo inakuja," alisema mchuuzi.

Nilitazama nyuso zao, hakuna aliyekuwa tayari kunisamehe. Nikasoma. Mkono ulikuwa na kidole kilichokatika nusu. Askari alimuua mwenye klabu kwa sababu ya mwanamke, akamwandama mwanamke kwa sababu ya ushahidi, akakamatwa, akahukumiwa, akanyongwa katika jela ya Mombasa alfajiri moja. Mcheza dansi akaolewa na mpiga tarumbeta.

Baraza lililipuka. Watu walipigana mabega. Mchuuzi wa ng'onda, aliyekuwa amekosea muuaji tangu mwanzo, aliruka juu kwa furaha: "Wamnyonge! Na kamba iwe ya mkonge!" Kisha akamwona mwenyeji wangu, akabaki na mikono hewani.

Ndani kilitoka kilio. Nimesikia vilio vya misiba mingi pwani hii, na hicho hakikupungukiwa na kitu.

Mwenyeji wangu alinisukuma mlangoni. "Mwambie. Wewe ndiye msomaji, mwambie ni uongo."

Alikuwa amekaa chini kando ya kinu, wifi yake akimfungua herini. Nikasema, "Dada, hakuna mtu huyo. Hakuna klabu, hakuna jela. Wallahi ni maneno tu."

Alinitazama bila hasira.

"Wewe una habari gani nyingine yake?"

Sikuwa nayo. Boma halikuwa nayo. Kwa miaka yote ile hakuna aliyemletea hata neno moja juu ya mtu yule, isipokuwa mimi.

Akakaa eda. Kadhi hakupinga: alikwisha toa ruhusa tangu zamani, na kitabu, alisema, si shauri lake. Hitima ilisomwa, lakini waliokuja walijaa mkeka mmoja tu, maana mji ulikuwa umesikia kwamba marehemu ni muuaji. Watoto walimwita dada mke wa mnyongwa. Fundi, aliyejua ni hadithi, hakuwakemea.

Mchuuzi alikuja mara moja. Alikaa na mwenyeji wangu barazani, nikawasikia.

"Mimi najua ni hadithi, shemeji."

"Basi?"

"Basi dada zangu kule Pande hawajui. Wanauliza damu ya mtu italala vipi kitanda kimoja na kaka yao."

"Waeleze."

"Nimewaeleza. Wanasema mwenyewe kamlilia."

Kitanda kilitoka ukumbini vipande vipande, vichwani mwa watu wawili. Njia ilipofunguka niliondoka. Mombasa sikuenda.

Nilipita Kivinje tena baada ya miaka kadhaa. Mwenyeji wangu alikuwa amefariki, na dada alikaa peke yake nyumba ileile, akiuza vitumbua. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa chai. Kisha akaingia ndani akatoka na kitabu, karatasi yake ya sukari imechakaa, uzi mweusi umewekwa mahali pawili.

"Nisomee hapa," alisema. "Na hapa. Usivuke uzi."

Nikasoma askari anapoingia na kukaa meza ya mlangoni. Nikasoma penye koti na mvua. Alikuwa ameacha kazi zote, mikono mapajani. Nilipofika kwenye uzi nikasimama.

"Rudia," alisema.