Mama Mifupa na Maji Halali ya Uwandani

Jua bado halijachomoza vizuri nyuma ya kilele cha Mawenzi, na Elinipendo Munisi amepiga magoti mbele ya pipa jeusi nyuma ya nyumba yake. Anabandua tope lililokauka kuzunguka mfuniko, anaufungua, anatoa mfupa wa paja la ng'ombe na kuuvunja juu ya jiwe. Anaangalia ndani.

"Mweusi mpaka katikati," anasema. "Huu unafaa."

Unaofuata ni mweupe kama chaki. Anautupa kando. Hewa iliingia mahali, anasema, mfupa ukaungua kupita kiasi na hautashika kitu. Wa tatu umebaki kahawia. Nao anautupa, kwa sababu huo ukiwekwa kwenye chujio maji yatanuka kama bucha lililofungwa Ijumaa likafunguliwa Jumatatu.

Mbwa watatu wamekaa wakimtazama. Hao ndio wateja wake waaminifu, anasema, wanakuja hata asipowaita.

Hapa ni kitongoji cha Uwandani, tambarare ya chini ya Bomang'ombe, na mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita anaitwa Mama Mifupa. Wapo wanaomwita hivyo kwa utani. Wapo wanaosema ni mchawi. Yeye anaitika tu.

"Wakishamaliza kucheka wanakuja na ndoo," anasema.

Elinipendo hakuzaliwa huku kwenye vumbi. Alizaliwa Machame, juu, ambako maji yanashuka kwa mfereji kutoka msituni na mtu anakunywa kwa kiganja. Kihamba, shamba la ukoo la baba mkwe, kiligawanywa kwa wana, kikagawanywa tena, mwisho kikabaki kipande cha kupanda migomba michache na kuzikana. Kahawa nayo bei ikaanguka, wakubwa wakasema soko ni huria, kila mtu ajitegemee. Yeye na mume wake wakashuka tambarare kujitegemea.

Mwaka 1991 wakachimbiwa kisima. Kampuni ilitoka mbali, fedha zilitoka mbali zaidi, na siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikuja na magari sita. Alikata utepe, akafungua bomba, akasema maji ni uhai. Wanawake walipiga vigelegele. Kisha mgeni rasmi akaona kiu, akaletewa chupa ya maji kutoka kwenye gari.

Elinipendo alikuwa amesimama karibu, ana mimba changa iliyoharibika baadaye, na mkononi amemshika binti yake Eliaichi wa miaka minane. Aliiona chupa ile. Anasema hakuielewa. Alidhani wakubwa wana maji yao kama walivyo na viti vyao.

Pale penye bomba kuna jiwe lenye jina la aliyefungua. Halina jina la aliyepima.

Na maji yalipimwa. Hapo ndipo hasira ya mtu inapoanzia. Yalipimwa kabla ya utepe kukatwa, na waliopima walijua kuwa yana floridi nyingi. Wataalamu wa dunia wanasema lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu moja na nusu. Serikali yetu iliwawekea watu wa vijijini kiwango chao, nane. Kisima cha Uwandani kilikutwa na saba. Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi maji ni halali, na mtoto anayepinda miguu anapinda kihalali.

Eliaichi sasa ana miaka kumi na tano. Meno yake ya mbele, yaliyoota alipokuwa bado analelewa na bibi yake Machame, ni meupe. Ya pembeni yana rangi ya chai. Magoti yake yanagongana anapotembea, na kutoka nyumbani hadi barabara kubwa ya Arusha anapumzika njiani. Alipoulizwa shule inaendaje alijibu kwa sauti ndogo, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, kwamba hesabu anaziweza ila hapendi kuitwa ubaoni.

"Clinic walimpima uzito kila mwezi, huyo na wadogo wote wa hapa," anasema mama yake. "Walituambia tuchemshe maji. Nikachemsha, mimi nilikuwa mtiifu. Kuni zote za nchi hii nimechemshia maji."

Aliyemwambia ukweli ni Primus, mwalimu wa kemia wa sekondari moja mjini Moshi, mtu wa Kibosho anayeshuka Uwandani kulima mahindi ya msimu. Alimkuta Elinipendo akichambua maharage kwenye ungo, akaomba aazime punje chache. Aliweka jiwe dogo katikati kuwa kiini cha atomu, akazungushia maharage kuwa elektroni.

Elektroni hazikai ovyo, alimweleza. Zinakaa kwa mizunguko, mmoja nje ya mwingine. Mzunguko wa ndani unapokea mbili, ukijaa umejaa. Unaofuata unapokea nane. Florini ana elektroni tisa: mbili ndani, saba nje. Nafasi moja iko wazi.

Elinipendo aliuliza kama atakaa hivyo na nafasi wazi.

"Hakai, mama," mwalimu alimjibu. "Huyo ndiye mwenye pupa kuliko wote. Akimkuta mwenye elektroni ya kutoa, anaichukua."

Akapanga sodiamu pembeni: mbili, nane, na moja ya mwisho peke yake huko nje. Kisha akaisukuma ile punje moja kwa kidole mpaka kwenye mzunguko wa florini. Sasa florini amekuwa na elektroni kumi, lakini kiini chake bado ni kilekile cha tisa, kwa hiyo amezidi upande wa hasi. Si atomu tena, ni ioni, na jina lake ni floridi. Sodiamu naye aliyepungukiwa amekuwa ioni ya chanya. Mzunguko wa nje wa kila mmoja umejaa, wametulia.

"Afadhali huyo florini," Elinipendo alisema. "Amechukua moja akatosheka. Wetu hawatosheki."

Mwalimu alicheka mpaka akamwaga maharage.

Lakini alipoyaokota aliacha kucheka. Kwa sababu wametulia, alisema, huwezi kuwatoa kwa moto. Ukichemsha, maji yanaondoka kwa mvuke na floridi inabaki sufuriani, imekolea zaidi. Na ndani ya mwili kuna kalsiamu, ambaye ametoa elektroni zake mbili za nje na kubaki na chanya mbili. Hasi na chanya vinavutana. Kalsiamu yuko wapi? Kwenye meno na mifupa. Floridi inakwenda huko na kukaa, na mfupa wa mtoto unaokua unajengwa nayo.

Hapo, mwalimu anakumbuka, Elinipendo aliuliza swali ambalo lilileta lile tanuru la pipa: kama floridi inapenda mfupa hivyo, si ipewe mfupa mwingine?

Si jambo jipya. Mwalimu alikuwa ameshasoma kwamba mfupa uliochomwa kwa hewa kidogo, ukasagwa punje, unaikamata floridi maji yanapopita. Alimwonyesha namna. Pipa alilinunua Moshi mjini kwa Ketan, mwenye duka la vyuma. Ketan aliuliza la nini, akaambiwa ni kwa ajili ya maji ya mjukuu. Ni Mhindu, na akasema wazi kwamba maji yaliyopita kwenye mfupa wa ng'ombe hayatapita kooni mwake hata iweje. Halafu akaingia nyuma ya duka na kutoka na mfuniko mzito. "Pipa utalipa, mama," alimwambia. "Mfuniko ni wa mjukuu wako."

Mjukuu ni Kindness, wa miaka miwili na nusu. Mama yake, binti mkubwa wa Elinipendo, anafanya biashara ya mitumba Holili mpakani na amemwacha kwa bibi. Elinipendo anasema kwa Eliaichi amechelewa, mfupa uliokwisha kupinda haunyooshwi na chujio. Kwa huyu mdogo bado kuna nafasi. Kila kitu anachofanya, kuanzia kubeba gunia la mifupa kutoka bucha la Ebenezeri hadi kupuliza moto moshi ukimwingia machoni, ni kwa ajili ya magoti mawili ya Kindness.

Ebenezeri humtania kila akifika. "Mama Mifupa, leo ng'ombe amekuja bila miguu." Lakini anamwekea gunia kando na kuwafukuza wanaotaka kununua mifupa ya supu.

Mwaka mzima Kindness alikunywa maji ya chujio tu. Kisha mwezi uliopita Mwalimu Primus alikuja kupima. Maji ya bomba, saba kama zamani. Maji ya chujio, chini ya moja. Elinipendo alifurahi, akamwambia mwalimu asiondoke bila kula, akainjika kiburu, ndizi na maharage ya kuponda pamoja. Maharage yalipokawia kuiva alichukua kipande cha magadi kwenye mkebe juu ya mafiga, akakitia sufuriani, kama mama yake alivyofanya na bibi yake kabla yake.

Mwalimu, aliyekuwa ameshashika kijiko akisubiri, alikiweka chini. Aliuliza kama maharage ya mtoto nayo yanapikwa hivyo.

Kila siku. Huku chini kuni ni za kutafuta kwa miguu, na magadi yanaivisha haraka. Na magadi yetu haya yanayochimbwa kwenye maziwa ya chumvi na kuuzwa sokoni kwa fungu yamejaa sodiamu na, ndani yake, floridi. Mwaka mzima bibi aliitoa kwenye ndoo na kuirudisha kwenye chungu.

"Nilitoka nje," anasema. "Nikasimama hapo penye pipa. Sikulia. Nilikuwa nawaza ni wangapi walijua."

Walikuwa wengi waliojua. Wenye kupima walijua, wenye ofisi walijua, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kuwaambia wanawake neno moja, acheni magadi. Wanawake wetu wanabeba ndoo, wanapuliza moto, wanatangulia kaburini, na anayewapa pole ni yuleyule aliyekuwa na la kuwaambia akanyamaza.

Wiki iliyopita ofisi ilimkumbuka Elinipendo hatimaye. Mtu alikuja kwa pikipiki, hakutaka kukaa, akasema moshi wa mifupa ni kero kwa makazi ya watu na tanuru liondolewe hapo. Elinipendo alimwamkia vizuri, akamwuliza kuhusu maji. Akajibiwa kwamba maji yapo ndani ya kiwango.

"Nikamkaribisha kikombe cha bomba," anasema. "Akasema ametoka kunywa."

Magadi hayaingii tena jikoni kwake. Maharage yanalowekwa tangu jana yake, na majirani wanne nao wameanza kuloweka. Tanuru atalihamisha, anasema, ametii. Ameshachagua mahali: penye bomba, mbele ya lile jiwe lenye jina, ambako hakuna nyumba ya mtu. Kila mwanamke atakayekuja na ndoo ataona mfupa unachomwa kwa sababu gani.

"Wakija kuniondoa na hapo, waje na mgeni rasmi," anasema. "Gilasi nitaleta mimi. Anywe, mtoto akimwangalia."

Meno ya ukubwani ya Kindness yataanza kutoka akiwa na miaka sita. Hapo ndipo bibi atajua yale magadi ya mwaka mzima yalifanya nini, maana meno hayo yanajengwa sasa, ndani ya ufizi, yasikoonekana na mtu.

Mtoto anatokea nyuma ya nyumba akimfukuza mbwa aliyeiba mfupa mweupe. Anakimbia, anaanguka, anainuka, anakimbia tena. Elinipendo ameacha kuvunja mifupa. Hamtazami mtoto usoni. Anatazama magoti.