Punda Jike na Miche ya Kahawa

Wazo la farasi lilinijia Tunduma, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya malori. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya sayansi ya wanyama, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kukimbiza karatasi za mizigo kati ya madereva na forodha. Siku hiyo lori moja kutoka Zambia lilikuwa limebeba farasi. Walitoa vichwa juu ya mbao wakautazama mji kama abiria walioshushwa kituo kisicho chao. Nilimuuliza dereva mtu anaanzaje kufuga wanyama wale ili auze watoto wao. Alinitazama viatu kwanza.

"Iwe, we kijana, hawa wanaanza na mtu mwenye shamba," akasema. "Una shamba?"

Shamba lilikuwa la baba, Itaka kule Mbozi, na lilikuwa la kahawa.

Niliwaza jambo hilo miezi kadhaa. Niliandika mpango, nikaufuta, nikauandika upya. Wiki nzima niliimaliza nikichagua jina la banda ambalo halikuwepo. Mwishowe nilikwenda kwa bwana mifugo mmoja pale Mlowo, akanisikiliza huku akila muhogo wa kukaanga.

"Farasi atakufa na homa kabla hujamzoea," alisema. "Na akipona, nani Mbozi atamnunua? Watu wanahitaji kitu cha kutoa mahindi bondeni, kule mkokoteni wa ng'ombe haufiki. Nenda Msangano ukatafute punda. Ni ndugu yake farasi, ila huyu ana kazi."

Akiba yangu ilitosha punda mmoja. Muuzaji wa Msangano alinionyesha jike la kijivu, akampigapiga tumbo. "Huyu ana mimba tayari. Unanunua mmoja, unapata wawili." Nilimwamini papo hapo. Shaka zilianza kwenye lori, tulipokuwa tunapanda kurudi Mbozi, na hazikuniacha tena. Kama hana mimba, basi sikuwa nimeanza biashara ya kuzalisha punda. Nilikuwa nimenunua punda tu.

Baba hakugomba. Alinionyesha kipande cha juu ya nyumba, alichokuwa amekwisha kukilima kwa ajili ya kahawa mpya. Miche yenyewe ilikuwa tayari kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya udongo, imepangwa kivulini kando ya ukuta wa jiko.

"Fuga hapo," alisema. "Mvua za kupandia zikija nikaona mtoto wa punda, kipande ni chako. Nisipomwona, napanda kahawa yangu, na wewe unarudi Tunduma."

Kuanzia hapo kila asubuhi baba alimwagilia miche, nami nilitazama tumbo la punda. Tulifanya kazi hizo tukiwa tumepeana migongo. Bwana mifugo alikuja mara moja, akampapasa, akasema, "Naona kama yumo." Neno "kama" lilinikaa kichwani kwa wiki nyingi. Kuna siku niliona tumbo limeshuka nikafurahi, kisha nikakumbuka kwamba alikuwa amekunywa maji mengi. Nilisoma kwenye simu kuhusu punda wanaoharibu mimba kwa kubebeshwa mizigo, nikaacha kumtuma hata kuni. Mama alisema hajawahi kuona punda anayepumzika kuliko bibi harusi.

Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Ileje. Miche ilikuwa imefikia goti. Chuchu za punda zilikuwa zimejaa kidogo, au nilidhani zimejaa.

Wakati huohuo akafariki bibi mmoja jirani yetu, mama mkwe wa baba yangu mdogo. Mwisho wa kiangazi bomba la kijiji huwa kavu, na waombolezaji walikuwa wengi. Maji yalipaswa kutoka chemchemi ya bondeni. Kwetu mnyama wa kazi haazimwi kwenye msiba. Watu huja tu, wakamfungua. Baba mdogo alikuja na kamba mkononi na madumu mgongoni.

"Msomi, punda yuko wapi?"

"Shikamoo, baba mdogo. Yupo, ila ana mimba."

"Marahaba. Mimba? Hata mama yako alikuwa na mimba yako, na maji alibeba."

"Wewe shemeji ulikuwepo," mama alisema kutoka jikoni, "na hukunipokea hata dumu moja."

Baba mdogo alicheka kidogo, lakini kamba haikushuka. Baba alikuwa anamwagilia miche. Alisikia yote na hakugeuka. Nilijua kwamba nikikataa, ukoo mzima ungelikumbuka neno hilo hata mimi nikiwa mzee. Nikikubali, mzigo wa siku mbili mlimani ungeweza kuitoa mimba, kama ilikuwepo. Nilitafuta jibu la tatu, na nilipolipata lilinitoka kabla sijalipima.

"Maji yake nitabeba mimi."

Baba mdogo alinitazama kuanzia kwenye miwani hadi chini. "Haya. Twende, punda."

Nilichukua baiskeli ya baba, nikafunga madumu, nikaanza kusukuma. Kufikia safari ya pili habari ilikuwa imenitangulia. Kina mama waliokuwa wakichambua mchele waliinua vichwa nilipopita, kisha mmoja akauliza kwa upole, "Huyu anapiga teke?" Mwingine akajibu kwamba wa chuo hapigi, anatoa hotuba. Kwenye chakula cha mchana, bibi mmoja wa watani wa marehemu aliniletea sahani iliyofunikwa vizuri, akapiga magoti. Nilipofunua nilikuta majani mabichi. Wafiwa wenyewe walicheka, na mtani kazi yake ni hiyo. Nilitafuna jani moja, nikaletewa ugali.

Siku ya pili, baada ya maziko, nilipeleka maji ya kuoshea vyombo, kisha nikarudi nyumbani nikiwa sisikii mabega. Mama alikuwa kibarazani na ungo wa maharage.

"Umechelewa," alisema. "Nilikuwa nachambua. Kuinua macho, wako wawili."

Mtoto alikuwa amekwisha kukauka. Alisimama kwa miguu iliyoonekana mirefu kuliko alivyohitaji, akizitafuta chuchu za mama yake mahali zisipokuwepo, kisha akazipata. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa saa ile, nina kitambaa safi, dawa ya kitovu na namba ya bwana mifugo. Sikuwepo. Nilipaka dawa hata hivyo, nikaangalia. Alikuwa jike.

Baba alifika na kuegemea ua. Alimtazama mtoto muda mrefu, akatazama mawingu, akaenda ukutani kwa jiko. Alirudi na viriba viwili vya miche, akaviweka juu ya baiskeli iliyokuwa bado imelazwa pale nilipoiacha.

"Mdogo wangu ana nafasi kwake," alisema. "Mpelekee miche yote."

"Kesho, baba?"

"Mvua iko hapo. Peleka leo. Wewe si umeshazoea kubeba?"