Mchi wa Mama na Bega la Kulia

Ilikuwa mwaka ule tuliokula viazi hapa Ubaruku. Sisi watu wa mpunga, asubuhi viazi, mchana viazi, maana maji hayakufika kwenye majaruba. Mimi nilikuwa na kopo moja la mchele, nimelificha chini ya kanga zangu, namsubiri mjukuu wangu anayesoma chuo cha afya Iringa. Akirudi chuo lazima abebe vitumbua vya unga niliotwanga mimi.

Alikuja na daftari limejaa misuli. Mtihani wao, alisema, unataka aitaje huku anaishika kwenye mtu. Shule niliishia darasa la pili, lakini mwili ninao. Nikaoga, nikajipaka mafuta, nikakaa kwenye kigoda mabega wazi.

Akanipita.

"Bibi mdogo, njoo wewe."

Bibi mdogo ni mke mwenzangu. Mzee wetu alimleta nikiwa na watoto wanne, kisha akafa akatuachia ua mmoja.

"Na mimi je?"

"Bibi, misuli yako imejificha kwenye mafuta. Ya bibi mdogo inaonekana."

Mwanamke mkavu kama kuni! Mjukuu wangu, damu yangu, akamshika bega: huu unainua mkono. Akashika paja: huu unanyoosha goti. Akamwambia asimamie vidole, vigimbi vikamtoka kama viazi, naye akauzunguka ua mzima hivyo hivyo, ananitazama mimi. Mgongo, matako yanayomwinua mtu kitini, hata ule msuli wa chini ya mbavu unaovuta pumzi, vyote vilisifiwa. Mate yangu yakawa machungu.

"Msuli hausukumi, unavuta tu," mjukuu akaeleza, anamkunja mkono. "Ndiyo maana iko miwili miwili. Wa mbele ukivuta, wa nyuma unalegea. Kama nyie mabibi zangu."

"Nani analegea? Njoo unishike mimi!"

Akaja. Mkono wa kushoto ukapanda mpaka juu. Wa kulia ukagoma begani. Nilikuwa nimelificha jambo hilo miezi mingi. Akabonyeza, nikapiga kelele.

"Bibi, naona msuli wa bega umechanika. Twende hospitali. Na usitwange tena, mpe bibi mdogo mchi."

Mchi ule mama alinipa nilipotoka Iringa kuja kuolewa. Anayeushika ndiye anayetwangia wageni, ndiye mkubwa wa ua huu. Mke mwenzangu alikuwa hajaugusa hata siku moja. Sasa akanyoosha kile kikono chake.

"Lete, dada. Kwani utazikwa nao?"

"Mchi wangu sikupi, hata mkono huu ukatike."

Nikaloweka mchele wangu, nikatwanga mwenyewe, nauinua mchi mpaka kifuani tu, machozi yananitoka nayasingizia moshi. Unga ukabaki chenga. Vitumbua vilikwaruza meno, na mjukuu akavibeba vyote.

Hospitali nilikwenda, lakini mkono haufiki kichwani mpaka leo. Mke mwenzangu ndiye anayenisuka, kila Jumamosi, na vidole vyake ni vizuri, nalisema hili kwa uchungu. Akifika kisogoni huvuta nywele kidogo, makusudi.

"Dada, na ule mchi?"

Kichwa changu kiko katikati ya magoti yake, siwezi hata kugeuka kumtazama.

"Mchi wangu sikupi, hata mkono huu ukatike."