Nilivyomtafsiria Susu Wakorea

Televisheni yetu ilikuwa na harufu yake. Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe nje ya Kitengela, na vumbi jeupe alilorudi nalo nyumbani lilikaa kwenye kila kitu: kwenye vyombo, kwenye mapazia, hata ndani ya televisheni yenyewe, ijapokuwa Mama aliifunika kwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Ukiiwasha na kuiacha ipate moto kidogo, vumbi hilo lilinukia kama uwanja uliomwagiwa maji wakati wa jua kali. Mpaka leo nikipita mahali wanapochonga mawe, masikio yangu hungoja muziki uanze. Nasubiri piano ya polepole, kisha sauti ya mwanamke akiimba kwa lugha ambayo hakuna mtu yeyote katika ploti yetu aliyeielewa, na nyuma yake sauti ya nyanya yangu ikiniuliza, kabla hata wimbo haujaisha, yule msichana leo anaendeleaje.

Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, nami nilikuwa darasa la saba. Nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Susu kama Wakamba wote wanavyowaita nyanya zao, alikuwa ameletwa kutoka Mwala ili goti lake litibiwe, na daktari alikuwa amemwambia akae mwezi mzima bila kupanda mlima wala kubeba maji. Kwa mtu aliyezoea kuamka na jembe, mwezi wa kukaa kwenye kochi ulikuwa adhabu. Alikagua nyumba yetu yote akaimaliza kwa siku mbili. Siku ya tatu alianza kunikagua mimi, namna ninavyofagia na namna ninavyokaa, na nadhani Mama ndiye aliyesema, kwa kutuokoa sisi sote, kwamba basi niwashe ile michezo ya Anti Mwende.

Mwende alikuwa dada mdogo wa Baba, kitinda mimba wa Susu, mwalimu wa shule ya msingi kule Kajiado. Shule zilipofungwa mwezi wa nane alikuja kukaa kwetu, na ndani ya mkoba wake, zikiwa zimefungwa kwa leso zisikwaruzwe, zilikuwamo CD za michezo ya mapenzi ya Wajapani na Wakorea ambazo walimu wenzake walizungushiana. Mimi nilikuwa nimeshanaswa tangu likizo ya mwezi wa nne. Nilipenda namna watu wale walivyochukua muda. Katika filamu nyingine zilizopita kwenye skrini yetu watu walibusiana kabla hujajua majina yao, na Baba alikohoa akatoka nje kuangalia kama kuna mvua. Lakini hawa wangeweza kutembea sehemu sita nzima chini ya mwavuli mmoja bila kushikana mkono, na wakishikana, mimi nililia. Baba mwenyewe alianza kukaa. Alisema anapumzisha mgongo tu.

Shida ilikuwa maandishi. Mazungumzo yalitafsiriwa kwa Kiingereza, yakapita chini ya skrini mbiombio, na Susu hakusoma Kiingereza wala lugha nyingine yoyote. Kwa hiyo niliwekwa kwenye kigoda karibu na televisheni nikawa mdomo wa Wakorea. Nilisoma Kiingereza, nikakigeuza Kikamba, nikakisema kabla maneno mengine hayajafika. Tulianza na mchezo wa Kijapani wa wanafunzi waliopendana chini ya miti ya maua ya rangi ya waridi, lakini Susu aliutazama nusu saa akauliza wazazi wa watoto hawa wako wapi. Wakorea ndio aliowapenda, kwa sababu kwao kina mama walikuwa na kazi ya kufanya. Hakuweza kushika majina yao, kwa hiyo aliwabatiza upya. Msichana maskini aliyeuza maua alimwita Kamene, kijana tajiri akawa Mutua, na mama yake Mutua, mwanamke wa lulu shingoni na nyumba yenye ngazi za ndani, akawa Mama Mutua. Alishangaa kwamba watu wenye nyumba kama hiyo wanalala sakafuni. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni kuinama kwao. Kijana akikutana na mkubwa wake anainamisha kichwa, mkubwa naye anainama kidogo kumjibu, na Susu alikuwa akiitikia kutoka kwenye kochi, kichwa chake kikishuka na kupanda, akisema hao ndio watoto waliolelewa.

Mtu mmoja tu hakukaa nasi, naye ni Mwende mwenyewe mwenye CD. Alitazama akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, taulo la vyombo mkononi. Yeye na Susu walikuwa wakisemezana yale ya lazima tu: chai iko tayari, dawa umekunywa? Nilijua sababu, kama watoto wanavyojua mambo, kwa kuokota kipande hapa na kipande pale. Mwende alitaka kuolewa na Lemayian, kijana Mmaasai wa ofisi ya mifugo Kajiado, na Susu alikuwa amekataa. Siku moja nilimsikia akimwambia Baba kwamba yeye hakuuza mahindi miaka yote ile kumsomesha binti ili aende kukandika nyumba kwa kinyesi cha ng'ombe. Baba alimwambia Lemayian anakaa nyumba ya mawe, tena huenda mawe hayo aliyachonga yeye. Susu akasema mama yake alimsimulia mambo ya Akavi, kama Wakamba walivyowaita Wamaasai tangu enzi za kunyang'anyana ng'ombe, na hayo hayawezi kufutwa kwa mawe. Mimi nilikuwa nimemwona Lemayian mara moja, kwenye soko la mifugo la Kajiado, akimpa ndama dawa huku akimbembeleza kama mtoto mchanga. Nilimpenda papo hapo. Nilimpenda Mwende zaidi, na usiku nilipolala naye kitanda kimoja nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyezuia kilio mchana kutwa.

Basi nikaanza kudanganya. Mchezo tuliokuwa nao ulikuwa kama umetungwa makusudi kwa ajili ya nyumba yetu: Mama Mutua hakumtaka Kamene, na kila sehemu alimtafutia njia mpya ya kumfukuza. Niliona kwamba Susu akimsikia mama yule akikataa kwa maneno mazuri, atajifunza kukataa zaidi. Kwa hiyo nikambadilisha. Siku alipomwita Kamene kwenye mkahawa akampa bahasha ili amwache mwanawe, nilimwambia Susu kwamba ni barua ya mwaliko. Alipomwambia hafai hata kufua nguo zao, nilisema anamuuliza kama anajua kufua. Halafu siku moja Mama Mutua alichukua glasi ya maji akamrushia Kamene usoni, mbele ya watu, na nywele za msichana zikashuka zikichuruzika maji. Susu akanigeukia. Nilisema Mama Mutua ameona Kamene anasikia joto. Kutoka mlango wa jikoni nilisikia taulo likianguka, na nilipotazama, Mwende, aliyesoma kila neno la Kiingereza lile, alikuwa amegeukia ukuta na mabega yakimcheza. Hakunisahihisha. Ndipo nikajua kwamba sasa tuko wawili, na nikapata ujasiri zaidi.

Nilisahau kwamba Susu alikuwa ameishi na nyuso za watu muda mrefu kuliko mimi nilivyoishi na vitabu. Ilikuwa saa tisa mchana, upepo wa mwezi wa nane unapiga mabati, na tulikuwa karibu na mwisho wa mchezo. Mutua alipiga magoti mbele ya mama yake kwenye zulia jeupe, akamsihi kwa muda mrefu. Mama yake akatazama dirishani. Akasema maneno machache, polepole, bila kumwangalia. Mimi, nikiwa nimejitayarishia hotuba yangu tangu asubuhi, nikamwambia Susu kwamba mama amekubali, kwamba amesema mapenzi ya kweli hayakataliwi na kwamba harusi iandaliwe.

"Rudisha nyuma," Susu alisema.

Nilirudisha. Tukaitazama tena, na akaniambia nirudishe tena.

"Kanini, mtu akikubali jambo haangalii dirisha," alisema. "Sasa nisomee kama ilivyoandikwa."

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, amejua tangu lini. Alisema tangu siku ya maji, na kwamba aliniacha kwa sababu alitaka kuona nitafika wapi. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi zaidi angekasirika. Kwa hiyo nikasoma, neno kwa neno, nikiangalia miguu yangu: "Siku utakayomwoa huyo msichana, usiniite tena mama."

Kwenye skrini picha ya mama yule ilikuwa imeganda pale niliposimamisha mchezo, uso umegeukia dirisha, lulu shingoni, peke yake kwenye nyumba ile kubwa. Jikoni sufuria ziliacha kugongana.

"Hayo maneno nilimwambia Mwende," Susu alisema. "Mwezi wa nne, jikoni kwangu. Nilikuwa napepeta maharagwe, sikumwangalia." Alinyoosha mkono kuelekea televisheni kisha akaurudisha kwenye goti lake. "Sikujua yanakuwa hivi mtu akiyasema."

Nilizima televisheni bila kuambiwa. Baada ya muda Mwende alitoka jikoni na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekiomba, akakiweka mbele ya mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze akakaa kwenye kochi. Susu alimuuliza huyo mtu wa ng'ombe hana kazi siku gani. Mwende akasema Jumapili. Susu akasema basi aje, ila mtu asije akadhani amekubali, anataka kumwona uso tu. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na sijui mpaka leo kama nililia kwa furaha au kwa aibu.

Lemayian alikuja baada ya kanisa, amevaa suti nzito isiyofaa kwa jua la Kitengela, amebeba sukari, majani chai na mtungi wa maziwa. Baba na Mama aliwasalimia kwa mkono. Kisha akafika mbele ya Susu, na hapo akafanya jambo ambalo nadhani alilifikiria njia nzima kutoka Kajiado. Kwa Wamaasai, mtoto hamsalimii mkubwa kwa mkono. Humwinamishia kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Nilijua hivyo kwa sababu nusu ya darasa letu walisalimiana hivyo na wazazi wao getini. Lakini hiyo ni salamu ya watoto. Mwanamume mzima mwenye kazi, aliyekwisha kutahiriwa, alikuwa na haki ya kunyoosha mkono wake kama mtu mzima. Lemayian akauacha mkono. Akainamisha kichwa mbele ya nyanya yangu, akangoja.

Susu hakuwa amesalimiwa hivyo maisha yake yote. Hata hivyo kuinama alikujua. Alikuwa na mwezi mzima wa Wakorea. Akashika mkono wa kochi, akanyanyuka juu ya goti lake bovu, akaweka viganja mapajani, na akamwinamia kijana yule kama mama wa nyumba ya heshima. Lemayian, ambaye utosi wake ulikuwa haujaguswa, aliamini hajainama vya kutosha, akashuka zaidi. Susu akamwona ameshuka, naye hakutaka kushindwa adabu, akashuka zaidi. Vichwa vyao vilikuwa karibu kugongana. Baba alikuwa ameshikilia kikombe hewani. Hakuna aliyethubutu kucheka, na mimi niliomba tu goti lile lisikubali kuvunjika siku hiyo.

"Mama, mguse kichwa," Mwende alisema hatimaye, sauti ikimkatika.

"Nimguse kwa nini, anaumwa?" Susu aliuliza akiwa chini kule kule.

"Ndiyo salamu yao. Ya watoto wao kwa mama zao."

Susu alinyoosha mgongo taratibu. Alimtazama yule kijana, kichwa chake kikiwa bado kimeinama na jasho likimtiririka shingoni ndani ya ile suti. Akaweka kiganja chake utosini pake, na hakukiondoa upesi. "Kaa chini, mwanangu," alimwambia kwa Kiswahili chake cha Mwala. "Hii adabu yako itanivunja mguu." Ndipo tukacheka, sote, Baba akimwaga chai.

Mwende ameolewa Kajiado miaka mingi sasa, na Susu alizikwa Mwala baada ya kuwabeba wajukuu wake watatu wa Kimaasai. Mimi ningali Kitengela. Pale palipokuwa na nyasi na swala pamejaa maghorofa, na Wakorea wako ndani ya simu, wengi kuliko mtu anavyoweza kuwamaliza. Binti yangu anawatazama chumbani kwake na vitu vya kusikilizia masikioni, mimi nawatazama sebuleni na vyangu, na kila mmoja anajisomea maandishi yake. Ni rahisi, sikatai, na sitaki kurudia CD zenye mikwaruzo za kufutwa kwa dawa ya meno. Lakini hakuna anayeuliza mwenzake amesema nini. Mara nyingine nayaficha yale maandishi nitazame nyuso tu, nione kama ningejua. Mara nyingi sijui.

Hata hivyo kuna kitu kilibaki. Tukikutana kwa Mwende wakati wa sikukuu, watoto hupanga mstari mbele ya Lemayian, ambaye sasa ana mvi, na kila mmoja huinamisha kichwa. Yeye humgusa mtoto utosini, kisha naye huinama, polepole, viganja mapajani. Amefanya hivyo tangu Jumapili ile, na watoto wote wanafanya hivyo kwa wadogo wao. Ndugu zake hudhani ni desturi ya Kikamba na huiheshimu. Wa kwetu kutoka Mwala hudhani ni ya Kimaasai, nao huiheshimu. Krismasi iliyopita binti yangu aliniuliza hasa ni ya nani. Nilimwambia ni ya Susu.