Nilivutwa Sura kwa Munganga, Nikamusingizia Motari

Mimi ni mukosaji, ndugu zangu. Musinitetee. Mukisoma mpaka mwisho mukitaka kunitukana, mutukane tu, mimi mwenyewe nimekwisha kujitukana mpaka matusi yameniishia.

Niko mama wa miaka makumi tano na tatu. Nauzisha vitenge hapa Kabambare, na mara kwa mara napeleka mizigo Salamabila kwa wachimbaji wa zahabu, maana wale wakipata kitu asubuhi, jioni wanavalisha wabibi zao. Jina langu sitaandika. Huku kwetu kila mutu ananijua tayari. Ninyi wa mbali ndio nawaficha.

Mutoto wangu wa kike, wa pekee, alikuwa anaolewa. Furaha kubwa! Lakini baba yake, yule aliyeniacha miaka saba sasa, akatuma habari kwamba atakuja na bibi yake mupya. Kabinti kenyewe kana mashavu kama andazi. Nikaingia ndani, nikajiangalia mu kioo. Ayii! Shingo imekunjika, mashavu yanatelemuka, macho yamebeba mifuko. Nikasema: mimi niketi pale mbele, kanisa nzima inilinganishe na kale katoto? Hapana!

Ndipo mu telefone nikaona mama mumoja anaonyesha foto mbili, sura yake ya zamani na sura yake ya sasa. Munganga amekata ngozi, ameivuta, ameshona. Kazi hiyo iko mu muji mukubwa wa inchi jirani. Familia nikaiambia naenda kutafuta vitenge vya ndoa. Wakanibariki safari, maskini.

Munganga alikuwa mutu wa kweli, sitamusingizia na yeye. Aliniuliza habari ya tensyo, ile presha ya damu, habari ya sukari, kama navuta tumbaku, maana tumbaku inachelewesha kidonda kupona. Akanieleza njia zote. Kuna kuvuta kidogo: wanakata mbele ya sikio tu, unapona upesi, lakini shingo inabaki vilevile. Kuna kuvuta shingo peke yake. Kuna kuvuta kukubwa: kisu kinaanzia mu nywele, kinazunguka sikio mpaka nyuma, uso na shingo vyote vinapanda. Na kuna sindano, hizo zinashika miezi kadhaa, halafu unarudia kulekule.

"Nipe kubwa," nikasema, kama mutu anayeagiza sahani ya bugali.

"Mama, sikiliza kwanza. Utavimba. Utakuwa na madoa ya damu chini ya ngozi. Mashavu yatakufa ganzi, pengine kwa miezi. Alama zitabaki, na ngozi yetu nyeusi, alama inaweza kutuna. Utalala kichwa juu, hautainama, hautabeba mizigo, hautakaa mu jua. Kutoka mbele ya watu, ungoje juma tatu ao ine. Na hautageuka binti, mama. Utakuwa wewe uleule, lakini mutu aliyepumzika."

Katika maneno yote hayo mimi nilishika moja tu: binti.

Wakanikata, wakanishona. Siku ya kumi wakatoa nyuzi. Munganga akasema, "Kaa hapa kwanza, usisafiri." Nikajibu, "Ndiyo, munganga," na kesho yake nikapanda ndege, maana ndoa ilikuwa imebakisha siku nane. Nani ana wazimu wa kutoka kwenye kisu na kupanda pikipiki toka Kasongo mpaka Kabambare, na mabonde yale tunayoyajua? Mimi hapa.

Motari aliyenipokea Kasongo na pikipiki yake namuita Papa Amisi, siyo jina lake. Ni mutu wa makamo kama mimi. Miaka kumi na moja ananibeba, mimi na mizigo yangu, mu tope, mu mito, na hajaniangusha hata siku moja. Nikamwambia, "Papa Amisi, natoka kwa munganga, ni siri yangu. Niapie hautasema." Akaapa. Hata hakuuliza munganga wa nini, akidhani ni mambo ya wamama.

Njia nzima alinipeleka kama amebeba mayai. Penye shimo anashuka, anasukuma kwa mikono, mimi nimeketi juu na bandeji kichwani kama maiti aliyekataa kuzikwa. Tulilala njiani, akaniombea mito mitatu kwa wenyeji ili nilaze kichwa juu. Mutu huyo ndiye niliyemutenda vile nilivyomutenda.

Tulipofika kwangu, kaka yangu mukubwa alikuwa uani na vijana wa familia, wanajenga kibanda cha ndoa. Akaniona, akatupa nyundo.

"Yooo! Dada! Sura imekuwa kama boga! Ni aksida ya pikipiki?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Papa Amisi alikuwa pale anafungua mizigo yangu. Mimi nikaona wale wote, nikaona haya, nikasema, "Ndiyo."

Pikipiki haikuwa na mukwaruzo hata mumoja. Papa Amisi mwenyewe alikuwa muzima, anatembea. Nani aliangalia? Vijana walimukamata shati, wakachukua pikipiki wakaifungia nyuma ya nyumba. Yeye alisema tu, "Sikumuangusha," siri yangu hakuitoa. Alikuwa ameapa, na mimi ndiye niliyemwapisha. Jioni shefu wa wamotari akamuvua jile yake ya kazi, ile fulana wamotari wanayovaa juu ya shati, kwa sababu mutu anayeangusha mama na kukataa kosa hafai kubeba watu.

Siku ya tatu alikuja mulangoni kwangu kwa miguu. "Mama, sema wewe mwenyewe. Mimi niliapa, siwezi. Lakini watoto wangu wanakula kwa pikipiki ile."

Nikamujibu, "Papa Amisi, ngoja tu ndoa ipite."

Ndoa kwanza! Sura kwanza!

Siku yenyewe ikafika. Uvimbe ulikuwa umeshuka, ngozi imevutika kweli, poda imefunika madoa. Muchungaji akanisimamisha mbele ya kanisa. "Angalieni mama huyu! Shetani alimutupa mu shimo, Mungu akamuinua na sura ya ujana!" Kanisa ikapiga vigelegele. Mama mumoja wa kwaya akaninong'oneza, "Dada, ni motari gani huyo? Hata mimi aniangushe."

Nikacheka? Ningecheka na nini? Mashavu yalikuwa ganzi. Na wakati wa kumupa mutoto wangu baraka, machozi yakashuka lakini sura haikutikisika. Nikasikia mashangazi nyuma yangu: "Analia ao anacheka?" Mutoto wangu aliniangalia kama vile ananitafuta na hanioni. Hiyo iliniuma kuliko kisu.

Na yule bwana niliyemufanyia yote haya? Alikuja, akanipa mukono, akasema, "Pole kwa aksida." Halafu akarudi kuketi kwa bibi yake.

Siku mbili kisha ndoa nikaenda kwa Papa Amisi. Bibi yake alikuwa anatwanga mihogo, hakuacha kutwanga. Akasema, "Ameenda Lusangi, kuchimba. Hana kazi ingine." Mutu wa miaka makumi tano, mu shimo la zahabu, na vijana! Nikarudi nyumbani, nikakaa sakafuni na kitenge changu cha ndoa mwilini, nikalia mpaka nikachoka.

Alirudi kisha mwezi mumoja, amekonda, anakohoa. Siku hiyo nilienda parkingi ya wamotari, nikasimama katikati, nikasema yote. Nikafungua nywele, nikawaonyesha alama mbele na nyuma ya masikio. Wengine walicheka mpaka wakashika viti vya pikipiki zao. Kaka yangu alirudisha pikipiki akiwa ameinamisha kichwa, na mpaka leo hanisemeshi vizuri. Shefu akamurudishia jile.

Nikapiga magoti mbele ya Papa Amisi. Akaniinua kwa mukono, kwa heshima kabisa. "Mama, neno imeisha. Mimi sina kinyongo. Lakini tafuta motari mwingine."

Wamama wenzangu, na ninyi wababa munaochungulia foto hizo kwa siri! Mukitaka kuvutwa sura, muvutwe, ni ngozi yenu. Muulize munganga yote, na mukae pale mpaka aseme nendeni. Na mukirudi, watu wakiuliza, museme: nimekatwa na munganga, mimi mwenyewe nilitaka. Wacheke. Kicheko kinaisha siku tatu.

Mimi leo sokoni naenda na vitenge vyangu kichwani, kwa miguu. Watu wanasema naonekana wa miaka makumi ine. Wamotari wote wa Kabambare wananiona, na hakuna hata mumoja anayesimama.