Kaimu wa Mikono Baridi

Kaimu alizaliwa Marambo, upande wa Nachingwea, na mimi nilikuwepo. Mkunga alipompokea nusura amwangushe, akidhani ameshika chura. Viganja vya yule mtoto vilikuwa baridi kama chini ya mtungi, na mwili uliobaki ulikuwa na joto la mtoto yeyote. Mama yake, Mwamini, alisema ni kwa vile alikuwa akilala ameukumbatia mtungi wakati wa mimba, kwa joto la mwezi wa kumi na moja. Baba yake, Bernardo, ambaye alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, alimtazama akasema, "Huyu kafa nusu. Tumsubiri amalizie."

Hakumalizia. Alikua, akawa kijana mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa kuchelewa.

Ukimpa kikombe cha maji akakishika kidogo tu, yanakuwa kama yametoka kisimani alfajiri. Mimi nimewahi kuyaona yameganda juu, na anayebisha abishe. Jambo la pili, mbwa hawakumbwekea. Walimtazama kama wanavyotazama mti. Basi, ni hayo mawili tu. Hakuruka angani, hakugeuka fisi, hakujua kutabiri mvua. Watu wa Marambo walishangaa kwa muda, kisha wakazoea, wakawa wanampa togwa awapozee. Mwenyewe aliniuliza mara nyingi, "Bibi Zaina, sasa hiki kitu nimepewa cha kufanyia nini?" Nikamwambia labda Mungu alikuwa anatengeneza feni, ikamponyoka.

Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo Kaimu alikuwa wa ukoo wa Mwamini, na utani wake ulipitia kwa Mwamini. Jirani yao, mzee Mikidadi, alikuwa mtani wao tangu enzi za mababu. Mtani ana kazi yake msibani. Anaweza kuziba njia jeneza lisipite, akamtukana maiti kwamba alikuwa mchoyo, akakamata mbuzi wa wafiwa na kukimbia naye. Wafiwa watamfukuza huku wanacheka na machozi yanawatoka, na majonzi yanapata pa kupumulia. Kaimu alikulia kwenye mambo hayo. Hata Mikidadi alipofiwa na dada yake, ni Kaimu aliyeingia kaburini akajilaza, akasema panamtosha, maiti atafute pengine. Watu walicheka mpaka kanzu zikachafuka.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya zile mvua za elinino, Mikidadi alipata habari ya msiba Likunja, upande wa Ruangwa. "Mama yetu amefariki," alisema, akachukua kofia yake. Kaimu na vijana wengine wakamsindikiza. Nyumba ile ilikuwa ya Rahimu, ndugu yake Mikidadi. Kwa kijana wa umri ule, jando bado kichwani, ndugu wa mtani ni mtani, na mama wa mtani ndiyo usiseme.

Hakuuliza. Kumbe Mikidadi na Rahimu walichangia baba tu. Kila mmoja na mama yake, kila mmoja na ukoo wake. Marehemu alikuwa mama wa Rahimu, na utani wa Kaimu haukufika kwenye ule uwanja hata kidole.

Jeneza lilipotoka, Kaimu akasimama katikati ya njia, akatanua mikono. "Huyu bibi hapiti! Kanilia muhogo wangu tangu nizaliwe! Hata meno amekufa nayo kwa uchoyo, asije akamrithisha mtu!" Kisha akamfungua mbuzi wa msiba, akatimua mbio.

Watu wakamfukuza. Naye alikimbia anacheka, maskini, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Aligeuka nyuma kuwachochea, "Haraka basi, wazembe nyie!" Akaona hakuna anayecheka. Jiwe la kwanza lilimpata begani akiwa bado na meno nje. Akaelewa. Akamwachia mbuzi, akaingia porini, na mbuzi naye akaingia kwake, hakuonekana tena. Miongoni mwa waliomfukuza alikuwepo mgambo mmoja wa pale Likunja, Obadia. Alitumbukia kwenye tanuri la zamani la mkaa, lililoota majani juu, akavunjika mguu. Uliunga vibaya. Tangu siku ile Obadia anatembea kama anayeruka dimbwi.

Mikidadi alijaribu kumwelewesha ndugu yake. "Ni mtani wangu, Rahimu. Kakosea nyumba tu."

"Mtani wako ni wako," Rahimu akamjibu. "Kwangu mimi ni mwizi aliyemtukana mama yangu akiwa jenezani. Na mguu wa Obadia, nao alikosea nyumba?"

Kesi ikaenda kituoni. Kaimu akawa mtu wa kutafutwa.

Alikaa msituni, kati ya wilaya zile mbili, kwenye majabali. Alichimba ming'oko, vile viazi vya porini, alirina asali, alilala chini ya mwamba. Ule ubaridi wa mikono, ambao mchana wa jua ulikuwa raha, wakati wa kipupwe ulimtesa. Alilala ameviweka viganja mbali na mwili kama mtu aliyeshika vitu vya watu. Na hao mbwa ndio waliommaliza. Mtu akiibiwa korosho Ruangwa, swali la kwanza lilikuwa, "Mbwa walibweka?" Kama hawakubweka, basi ni Kaimu. Wezi wa kweli wakajifunza kuwatupia mbwa dagaa kwanza. Kijana wa watu akawa ameiba wilaya nzima bila kutoka chini ya mwamba wake.

Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia Mandawa, kwa mume wangu wa tatu, ambaye naye alinitangulia kama wale wawili. Nilikuwa na shamba la ufuta na mihogo kandokando ya msitu, na dungu la kulindia nguruwe. Siku moja jua likiwa juu nikasikia hodi.

"Karibu," nikasema. "Nilidhani nguruwe."

"Nguruwe angeanza na muhogo, bibi, siyo hodi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuwa mbaya wa sura."

"Kule hakuna kioo, bibi."

Nikampa ugali wa muhogo na kisamvu. Akala taratibu, ameinama, kama mtu anayesoma. Alipomaliza akashika kibuyu changu cha maji, akanirudishia, nikanywa nikasikia meno yanauma. Toka siku hiyo akawa anakuja. Hakuomba kitu. Alitaka kusikia mtu akisema, hata uongo, na wa uongo nilikuwa nao wa kutosha. Nilimwambia kwamba Ruangwa wameleta punda anayesoma saa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama punda huyo alikuwa na mke.

Mwamini alipofariki, mgambo walikaa msibani Marambo wakimsubiri mwanawe. Kaimu aliyaona mazishi ya mama yake kutoka juu ya jabali, watu wadogo kama siafu. Alipokuja kwangu baada ya hapo, hakugusa chakula.

"Bibi, mimi nikifa kule porini nani atanizika?"

"Kijana mzima unaongea habari za kuzikwa?"

"Nakuuliza. Watani wangu watakuwa fisi. Watakuja, watanitukana, watabeba kitu, watakimbia. Hakuna atakayewafukuza."

Hicho ndicho alichokitaka duniani, kuwa na watu wa kumzika. Hakutaka kingine.

Miaka ya elfu mbili ikaingia, na masika mamoja mabaya Rahimu wa Likunja akafariki. Kaimu alikuwa pale dunguni kwangu habari zilipopita njiani. Nikamwambia, "Mbaya wako amekufa. Labda sasa utapumua."

Hakufurahi. Akauliza, "Wamemzika?"

"Bado. Mkewe, Hafidha, amegoma."

Nikamweleza nilivyosikia. Rahimu alikuwa amekosana na mwanawe wa pekee, Jumanne, akamnyima radhi, na Jumanne akaenda Dar es Salaam miaka mingi bila kurudi. Siku ya mwisho Rahimu akasema, mwiteni aje anishike mkono, nimemsamehe. Akakata roho kabla. Hafidha aliweka nadhiri kwamba mwanawe atamshika baba yake mkono kabla ya udongo. Tangazo la kifo lilishatoka redioni, na Jumanne alituma neno kwamba yuko njiani. Lakini barabara ya kusini ilikuwa imekatika kwa mvua, na magari yamelala kwenye tope. Shehe wa pale alikuwa anasema maiti asicheleweshwe, na alikuwa na haki, maana kulikuwa na joto la mvua, lile la kukatisha pumzi.

Kaimu aliviangalia viganja vyake. Kisha akaenda mtoni, akafua shati, akalivaa likiwa bichi.

"Unakwenda wapi?"

"Likunja."

"Watakukamata wewe!"

"Najua, bibi."

Nikafunga kanga, nikamfuata. Yeye alipita njia kubwa, mchana kweupe, na mimi nyuma nikihema. Mbwa wa Likunja hawakusema neno, kwa hiyo watu hawakumwona mpaka amesimama uwanjani katikati ya wanaume waliokaa mikekani. Obadia ndiye aliyemtambua. Aliinuka kwa mguu wake ule, na rungu mkononi.

"Umekuja kutukana tena?"

"Hapana, baba."

"Umefuata mbuzi mwingine?"

"Nimekuja kumpoza mzee, kama mtaniruhusu. Mpaka mwanawe afike."

Mtu mmoja akacheka kwa dharau. Vijana wawili wakamkamata mikono, wakaiachia hapohapo kama walioshika nyoka. Hafidha akatoka ndani, amejitanda kaniki, macho yamevimba.

"Ni kweli anaweza?" akaniuliza mimi.

Ni vigumu mwongo kuulizwa hivyo mbele za watu. Nikasema, "Hafidha, nimesema mengi maishani mwangu. Hili nimelinywa."

Akamtazama Kaimu, kisha akamtazama shehe, na shehe akainamisha kichwa akasema kama muda si mwingi, na maiti anaheshimiwa, yeye hana kizuizi.

"Muacheni aingie," Hafidha akasema. "Akimaliza, Obadia atamchukua. Wewe kijana, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha kamba. Mkono mmoja akaweka kifuani kwa Rahimu, wa pili akashika mkono wa kulia wa marehemu, ule ambao mwana alitakiwa kuushika. Akakaa hivyo. Waliokuwa mlangoni waliomba mablanketi. Nzi waliingia mpaka kizingitini wakageuza. Nasema niliona pumzi yake ikitoka nyeupe, na kama mvuke ule ulikuwa wa chai ya jirani, mimi sikuiona hiyo chai. Lakini baridi ile ilikuwa inatoka kwake mwenyewe, na ilianza kuisha. Midomo yake ikawa na rangi ya jivu. Hafidha alimnywesha uji wa moto kwa kijiko, maana mikono hakuitoa. Aligoma kupumzika. Kukaribia magharibi alianza kuzungumza na Rahimu polepole, na mimi niliyekuwa karibu nilisikia. "Samahani, baba. Nilidhani ni kwetu."

Jumanne aliingia kesho yake mchana, tope hadi kiunoni, hana kiatu. Kaimu akautoa mkono wa Rahimu mkononi mwake, akamkabidhi mwenyewe. Jumanne akaushika, akaulaza shavuni, akalia kwa sauti mpaka watoto wa jirani wakakimbia. Na Rahimu alikuwa amelala vile, safi, kama amefariki asubuhi ile.

Wakamwosha, wakamswalia, wakaenda kaburini. Sisi wanawake tulibaki uwanjani, lakini makaburi ya Likunja yako ng'ambo ya mikorosho michache tu, na mimi nina macho na masikio. Hafidha alisimama penye ukingo wa uwanja akitazama. Kaimu alikuwa amefuata nyuma ya watu wote, anatembea kama mzee, mikono kifuani. Udongo ulipoanza kutupwa, Obadia akamsogelea. Majembe yakapunguza kasi. Kila mtu alijua ahadi ilikuwa nini.

Ndipo Hafidha akapiga kelele kutoka upande wetu, sauti imekauka:

"Wewe chura wa Marambo! Umemaliza uji wangu wote, umelala na mume wangu siku nzima, sasa unasimama tu? Mchafu mkubwa!"

Sisi tuliokaa pale tulielewa, na wanaume kule walielewa. Hakuna mfiwa anayemtukana mtu hivyo kaburini isipokuwa mtani wake. Aliyekushikia maiti wako anaingia kwenye utani, na mtani hana kesi ya mbuzi. Lakini mguu haukuwa wa Hafidha. Watu wote wakamtazama Obadia.

Alisimama akitafuna shavu lake kwa ndani. Akamwangalia Kaimu kuanzia juu hadi chini, yale mavazi, zile nywele.

"Yaani wewe," akasema mwishowe, "miaka yote hiyo porini na nyani, hukuota hata mkia?"

Mtu akaguna. Sasa ilikuwa zamu ya Kaimu, kwa sababu mtani asiyejibu si mtani. Nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Kijana yule alikuwa amekaa na mawe muda mrefu mno. Nilianza kuomba kimoyomoyo, mimi ambaye siombi sana.

"Ningeota mkia," Kaimu akasema, taratibu, "ungenikamata siku ile ile."

Obadia alicheka kwanza. Alicheka mpaka akaegemea jembe, na makaburi yote yakacheka, na Jumanne akacheka huku analia, na Hafidha akakaa chini akafunika uso kwa kaniki. Kaimu peke yake hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Haya, acha kulialia, kazi haijaisha," Obadia akamwambia, akampa jembe lile. Kaimu alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu vidole vyake vilikuwa bado havijakunjika vizuri, akaanza kuvuta udongo.